Mega zetu zinaenda wapi?

Forfe inaisha mbele ya siku yake, rezo inapotea saa tunaihitaji, mesaji yenye hatukuomba inakula unite. Tumefuata njia ya feza ile, kutoka kabini mpaka ku antene, juu kila nyumba ijue pa kuchunga na pa kulalamika.

Mu miji yetu ya kuchimba, kutoka Lubumbashi na Likasi mpaka Fungurume na Kolwezi, kuko lalamiko moja lenye halichagui mutu. Injinia wa kompani kubwa analo, kijana wa shimo la mukono analo, mama mwenye kuuza bunga ku soko analo: «Naliweka mega jana, leo haziko, na sikuzitumikisha!» Wengine wanacheka, wanasema kompani ya simu inafuga panya wa kula mega. Wengine wananyamaza, wanaenda kununua zingine. Kununua zingine njo dawa yenye wote tunaijua, na njo dawa yenye inatumaliza.

Kwa nyumba ya muchimbaji, jambo hili siyo muchezo. Baba iko ku kampi ya kazi, anaona watoto wake kwa simu tu. Mutoto mukubwa iko ku iniversite mu Lubumbashi, masomo yanamufikia kwa WhatsApp. Feza ya nyumba inapita kwa M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money. Na kijana wa karieri, mwenye anauza mawe kwa negosia, anatafuta bei ya shaba na kobalti ya soko la London mbele ya kupimisha mufuko wake. Asipoijua, ataambiwa bei yoyote. Mega zikiisha, baba anapotea, masomo yanasimama, na mufuko wa mawe unauzwa gizani.

Tena kuko uchungu mwingine ndani yake. Zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia inatoka mu inchi yetu, mu Lualaba na Haut-Katanga. Kobalti ile inaingia mu batri za simu. Simu yenye inatumalizia feza, tumboni mwake iko na jasho letu. Mutu mwenye ametosha jiwe lile chini ya udongo hastahili kuzungushwa juu ya mega 100.

Mega ni nini, na nani anazikula

Tuanze na kile kiko mu mikono yetu, juu si kila hasara inatoka ku kompani ya simu. Mega ni kipimo, sawa vile kilo ao litre. Kila picha na kila sauti yenye inapita mu simu iko na uzito wake. Mesaji ya maandiko uzito wake ni kama hakuna. Sauti ya dakika moja yenye unatuma kwa WhatsApp inakula kipande kidogo tu cha mega. Kuzungumuza kwa WhatsApp, sauti bila picha, inakula chini ya mega moja kwa dakika, kwa kadiri.

Muzigo uko mu videyo. Videyo ya saa moja mu picha ndogo kabisa, ile wanaita 144p, inaweza kula mega 100 hivi. Saa ile ile mu picha ya katikati, 480p, inakula mega 300 mpaka 600. Ukiifungua mu picha kubwa, 1080p, giga moja na nusu inaenda, hata zaidi. Sasa fikiri mutoto wa miaka kumi, simu ya mama mu mukono, videyo za TikTok zinafuatana moja nyuma ya ingine bila kuombwa. Mama anarudi kutoka ku robine na maji, anakuta forfe imekufa. Hapana panya. Ni videyo.

Watu mingi wanasema: «Tangu 4G ifike, mega zinaisha mbio.» Wanasema kweli, lakini sababu yake siyo hesabu ya uongo. Mega moja ya 4G ni ile ile mega moja ya 3G. Kitu kinabadilika ni hiki: videyo ikiona barabara ni pana, inachagua yenyewe picha kubwa na safi. Ni sawa na lori la mawe. Ku barabara ya matope linabeba kidogo, ku barabara ya lami linajaza mpaka juu, na wewe njo unalipa mafuta.

Hapa kompani za videyo na za mitandao nazo ziko na lawama yao. Simu ikitoka mu karito mupya, kila kitu kimekwisha kupangwa kwa kula mingi. Videyo za Facebook zinaanza kucheza zenyewe ukipita tu. WhatsApp inaweza kuvuta picha za kila kundi hata kama hukuzifungua. Programu zinajibadilisha zenyewe usiku, wakati wewe unalala. Na ku YouTube, tangazo lenye linacheza mbele ya wimbo wa Mungu wenye ulitaka kusikia, nalo linakula mega. Angalia jambo lile vizuri: mwenye kutangaza analipa, kompani ya videyo inapokea, na muchimbaji wa Kolwezi njo anatoa mega za kubeba tangazo mpaka ku macho yake mwenyewe. Haya hayaandikwi ku facture yoyote.

Dawa ya sehemu hii iko mu simu. Fungua WhatsApp, ingia mu Paramètres, kisha Stockage et données, tosha ile ya kuvuta picha na videyo yenyewe. Mu simu za Android, ku Paramètres kuko mahali panaitwa Économiseur de données. Ifungue, itazuia programu zenye zinakula kwa siri. Mahali pale pale simu inakuonyesha kila programu imekula mega ngapi mu mwezi. Angalia hesabu ile mbele ya kumushitaki mutu. Ukikuta simu inasema imekula mega 400 na kompani imekata 400, muzigo ni wa nyumba. Ukikuta simu inasema 400 na giga yote imeenda, sasa uko na neno la kusema, na neno lako liko na ushahidi.

Mega zenye zinakufa usiku

Sehemu ya pili ya uchungu haitoki mu videyo. Inatoka mu saa. Ulinunua forfe ya siku moja, ukatumikisha nusu, usiku ikafika, nusu ingine ikafutwa. Fikiri ungekuwa unanunua mufuko wa bunga Siku ya Kwanza, na Siku ya Posho mwenye duka anakuja ku nyumba yako na kuchukua bunga yenye inabakia, juu juma limeisha. Watu wa kartie wangekusanyika. Lakini kwa mega, jambo lile linafanyika kila usiku na hakuna mutu anatoka inje.

Kompani ziko na jibu lao, na ni haki tulisikilize. Wanasema hawauzi kitu cha kuweka mu ghala. Wanauza nafasi ku antene. Nafasi yenye haikutumika leo haiwezi kuwekwa kwa kesho, sawa vile kiti tupu mu bus yenye imekwisha kuondoka. Kuko ukweli ndani ya neno lile. Lakini mu bus, mutu analipa safari moja na anaifanya. Ku forfe, mutu analipa kipimo na siku pamoja, na kile kinatangulia kuisha njo kinamaliza vyote viwili. Mega zikiisha mbele ya siku, siku hazikusaidii. Siku zikiisha mbele ya mega, mega hazikusaidii. Kwa njia zote mbili, mwenye kununua njo anapoteza.

Kuna mambo mawili ya kuchunga hapa. La kwanza ni saa yenyewe. Forfe ingine ya siku moja inahesabu masaa 24 tangu saa ya kununua. Ingine inakufa saa sita ya usiku hata kama uliinunua saa mbili ya magaribi. Mutu wa poste ya usiku, mwenye ananunua mbele ya kuingia ku kazi, njo anaumia zaidi. Soma mesaji ya kompani mbele ya kukubali. Saa ya mwisho iko imeandikwa pale.

La pili ni bei ya kidogo kidogo. Mutu mwenye ananunua mega za franka mia tano kila siku, mara mingi analipa mega moja bei kali kupita mwenye ananunua ya mwezi. Tunajua sababu yake: mwenye anaishi kwa feza ya siku hawezi kununua ya mwezi. Ni hesabu ile ile ya bunga ya kopo na bunga ya mufuko. Lakini ndugu wawili ao watatu wa nyumba moja wanaweza kuunganisha feza, wakanunua giga nyingi mara moja, na simu moja ikagawia zingine kwa njia ya partage ya connexion. Andikeni ku karatasi nani ametoa ngapi, juu undugu usivunjike juu ya mega.

Tena tukumbuke, mu feza yote tunalipa ku simu muko na TVA ya 16 kwa mia. Serikali iko inapata sehemu yake ku kila forfe. Kwa hiyo haiwezi kusema mambo haya ni ya kompani na mununuzi peke yao.

Mesaji zenye hukuomba

Kuko mesaji zingine zinafika mu simu asubui: nyota yako ya leo, matokeo ya mupira, mashauri ya ndoa, sala ya siku. Zinaonekana kama zawadi. Kisha unaona unite zinapunguka kila siku, kidogo kidogo, franka hamsini, franka mia moja. Muzee mwenye simu ya batoni, mwenye hajawahi kufungua intaneti, anashangaa: «Nalipandisha unite jana, sikumuita mutu, leo haziko.»

Mambo haya yanatoka ku huduma za kujiandikisha. Mara mingi kompani ya simu haizifanyi yenyewe. Kuko kompani ingine nyuma yake, na feza inagawiwa kati yao. Mutu anaingia ndani kwa kufinya OK ku dirisha lenye limetokea ku skrini, ao mutoto anafinya wakati wa kucheza. Kutoka ndani yake ni kazi: inaomba kutuma neno STOP ku namba fupi, na namba ile hatuijui, juu iliandikwa mu mesaji yenye tulifuta zamani.

Kwa hiyo, usifute mbio mesaji za namba fupi. Tazama namba yenye imeituma, tuma STOP, chunga jibu. Kama unite zinaendelea kupunguka, ita huduma ya wateja ya kompani yako, uombe wakutajie huduma zote zenye zimefungwa ku namba yako, na wazitoshe zote. Ufanye vile kwa simu ya wazazi wako pia. Wazee wengi wanalipia nyota zao bila kujua.

Dugu ya jambo lile iko mu nyumba pia, ku desoda ya televizio. Unalipa mwezi, siku 30. Umeme unakatika siku kumi mu kartie, lakini hesabu ya siku haikatiki. Mwisho wa mwezi unalipa tena, na umeangalia juma mbili tu. Kompani ya televizio itasema umeme siyo kazi yake, na iko na haki ya kusema vile. Lakini inajua vizuri inauzia watu wa wapi. Kama ingetaka, ingeuza siku za kuangalia, hapana siku za kalenda.

Rezo ikipotea, nani amekata?

Tunapenda kusema «rezo mbaya» kwa kila kitu, lakini sababu ziko mingi, na kila sababu iko na mwenyewe.

Sababu ya kwanza ni wingi wa watu. Antene moja iko na nguvu yake, na nguvu ile inagawiwa kwa wote wenye wako chini yake. Ni robine moja ya kartie: saa kumi na moja ya asubui maji yanatoka vizuri, saa moja ya magaribi kila mama iko na bidon yake. Mahali kunafunguliwa karieri mupya, watu elfu wanafika mu mwezi mumoja, antene inabakia ile ile. Kompani inaendelea kuuza forfe kwa wote. Hapo lawama ni yake: anauza tikiti kupita viti.

Sababu ya pili ni umeme na mvua. Antene mingi za mbali na muji zinaishi kwa grupu ya mazutu ao kwa jua. Mazutu ikichelewa ku barabara mbaya, antene inalala. Na wakati wa mvua kubwa, zile antene zenye zinatumiana mawimbi kwa hewa zinapoteza nguvu.

Sababu ya tatu iko mbali sana. Intaneti ya Kongo inaingia kwa nyuzi. Mu Muanda, ku bahari, kuko kebo ya WACS yenye inaunganisha Afrika ya Kusini na Uingereza, na inchi yetu ilianza kuitumikisha mu 2013. Kutoka Muanda mpaka Lubumbashi ni zaidi ya kilometa 1 700 kwa njia ya ndege. Sisi wa Katanga tuko na mulango mwingine, nyuzi zenye zinapita Zambia na kuingia kwa Kasumbalesa. Mu mwezi wa 8 wa 2023, udongo uliporomoka chini ya bahari mu bonde kubwa lenye muto Kongo umechimba, ukakata kebo ya WACS na ingine inaitwa SAT-3. Meli moja, Léon Thévenin, njo ilienda kutengeneza. Mu mwezi wa 3 wa 2024, kebo za Afrika ya magaribi zilikatika tena, mara hii upande wa Abidjan. Muchimbaji anajua maana ya udongo kuporomoka. Hapo hatuwezi kumulaumu mutu. Tunaweza kuuliza jambo moja tu: siku zenye zilipotea, mwenye alikwisha kulipa atarudishiwa nini?

Sababu ya ine ni amri. Uchaguzi ulifanyika tarehe 30 mwezi wa 12 wa 2018. Kesho yake intaneti ikakatwa mu inchi yote, na ikakaa imekatwa majuma karibu matatu, mpaka mwezi wa kwanza wa 2019. Hapo hakuna antene ilianguka, hakuna kebo ilikatika. Mutu mwenye alinunua forfe ya mwezi mbele ya Bonane alibakia na simu mu mukono na swali ku mudomo.

Tangu muda kidogo watu wanaongea juu ya Starlink, intaneti ya satelite. Mu mwezi wa 3 wa 2024, ARPTC, ile ofisi ya serikali yenye inachunga mambo ya simu, iliikataza juu haikuwa na ruhusa. Mu mwezi wa 5 wa 2025 ikaipatia ruhusa. Kwa kampi ya mbali ao masomo ya kijiji, ni mulango mupya. Lakini inaomba kununua chombo chake na kulipa kila mwezi, na kwa mutu mwenye ananunua mega za franka mia tano, mulango ule uko juu ya ngazi. Faida yake ya kwanza kwetu ingekuwa hii: kompani za zamani zijue mununuzi anaweza kuenda pengine.

Jambo la RAM linatufundisha nini

Kuko mara moja tulishinda, na inafaa kukumbuka namna gani.

Mu mwezi wa 9 wa 2020, unite zilianza kukatwa mu simu zetu juu ya kodi mupya inaitwa RAM, ni kusema kitabu cha kuandika simu zote za mukono. Walisema ni kwa kufukuza simu za bandia na za wizi, kwa kufuata namba ya IMEI, ile ya tarakimu 15 yenye unaona ukiandika *#06#. Simu ya 3G ao 4G ilipaswa kulipa dola 7 kwa mwaka. Simu ndogo ya 2G, karibu dola moja. Feza ile haikuombwa ku mulango. Ilikatwa yenyewe mu unite, kidogo kidogo, mutu akipandisha tu.

Watu walikataa. Vijana wa mashirika walitoka ku barabara. Watu waliandika, waliongea ku radio, walichunga mesaji za kukatwa na kuzionyesha. Mu 2021 jambo likafika ku Bunge la taifa, na waziri wa posta na simu, Augustin Kibassa Maliba, akaitwa kujibu mbele ya wadepite. Mwanzo wa 2022, kodi ile ikaondolewa.

Juu ya nini RAM ilianguka, na mega zenye zinakufa kila usiku hazijaanguka? Tunaona jibu ni moja. RAM, watu wote waliiona kwa wakati mumoja, na mesaji ile ile. Profesere, mama wa soko, askari, muchimbaji, wote walikatwa sawasawa, na wote walilia sauti moja. Lakini mega zinapotea kwa kila mutu peke yake, saa yake, mu simu yake. Mama anazani ni mutoto. Mutoto anazani ni batri. Baba anazani ni uchawi wa rezo ya kampi. Kila mutu analia mu nyumba yake, na kilio cha nyumba hakifiki ku ofisi. Hasara ya franka mia mbili haimutoshi mutu ku kazi kwa kuenda kushitaki. Ukizidisha franka mia mbili kwa watu wote wa kampi, ni feza ya gari.

Sasa tufanye nini?

Kwanza, tuchunge ushahidi. Mesaji ya kununua, yenye iko na siku, saa na wingi wa mega, usiifute. Kama unaweza, nunua kwa feza ya simu kuliko kwa mutu wa kabini, juu ile inaacha alama. Piga picha ya skrini mega zikipotea. Mu kaye ya nyumba, pale munaandika deni ya duka, andikeni pia forfe: siku ya kununua, saa ya kuisha.

Pili, tuanzie ku kompani. Ita huduma ya wateja, omba namba ya lalamiko lako na jina la mwenye amekusikiliza. Kama hawajibu, andika barua, peleka ku ajansi yao, ubakie na kopi yenye wametia sinyatire. Barua iko na uzito kupita kelele ku guichet.

Tatu, kuko ARPTC. Sheria ya 2002 yenye iliizaa iliipatia kazi ya kulinda faida ya watumiaji. Haitusaidii kwa mapenzi mema; ni kazi yake. Sheria ya simu ya 2020, namba 20/017, na kode ya numeriki ya 2023 nazo zinaweka mambo haya chini ya sheria.

Ine, na hili njo kubwa, tusiende peke yetu. Watu wa kompani kubwa wako na delegasio ya sendika. Mambo ya rezo ya kampi yawekwe ku meza pamoja na ya mushahara na ya kantini. Wachimbaji wa mukono wako na koperative. Koperative inaweza kuandika barua moja kwa jina la watu mia tatu. Barua moja ya watu mia tatu wa antene moja, yenye siku zile zile na masaa yale yale, haiwezi kujibiwa kwa kusema «zima simu yako, uiwashe tena».

Tano, kuko mulango wenye wengi wanausahau. Kode ya mine ya 2018 inaomba kompani ya mine ifanye cahier des charges na watu wa mahali, na itoe 0,3 kwa mia ya feza ya mauzo yake kwa maendeleo yao. Mu mikutano ile tunazoea kuomba masomo, maji na dispensere, na ni vizuri. Lakini kijiji chenye hakina rezo, mama mwenye kuzaa hawezi kuita gari usiku. Antene nayo ni kitu cha kuombwa pale.

Hatusemi kompani za simu ni adui. Zilifika mu inchi yenye haikuwa na simu ya nyuzi ya kusemwa, na leo mutu wa Kasaji anasikia sauti ya dada yake wa Lubumbashi. Tunasema tu: mwenye kuuza apime mbele ya macho ya mununuzi. Ku karieri, muchimbaji akiona mizani ya negosia imepotoka, haendi kulala. Anaita wenzake, wanasimama mbele ya mizani, wanapima tena. Mizani ya mega hatuioni kwa macho, lakini mesaji zake ziko mu simu zetu. Tusizifute.